Kuku Walitaga Kwenye Kiti cha Nyuma

Hotuba hii niliitoa Jumamosi hapa Mbeya mbele ya mafundi, vijana wanaosomea ufundi magari na wapenda magari ya zamani. Mvua iliwazuia wengi wa Tukuyu na Njombe, nao wameniomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha, maana nusu yake zilikuwa giza tupu na nusu nyingine zilikuwa kidole changu.

Mwenyekiti wa kikao, wazee wangu, mafundi, vijana, na akina mama mliokuja kuhakikisha kwamba waume zenu hawanunui kitu leo: shikamooni wote mnaostahili shikamoo. Mugonile! Na ninyi mliopanda basi usiku kutoka Iringa na Njombe, kamwene!

Nianze kwa swali. Nani humu ndani ana gari bovu nyumbani, limefunikwa turubai, na kila mwaka anasema mwakani nitalitengeneza? Nyoosheni mikono, msione haya. Mmoja, wawili, watano... Hata Mchungaji! Basi leo nipo na watu wangu.

Nitasema habari za gari moja tu. Ni Alfa Romeo 1750 GTV ya mwaka 1969, niliyoikuta kwenye ghala la kahawa kule Mbozi, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Siku ile mwenye nalo aliniambia maneno manne, nami nawaomba myashike: "Hili zima, limekosa betri." Hili zima, limekosa betri! Ndugu zangu, nimehangaika na hayo maneno manne miaka mitano.

Lakini kwanza, gari la Kiitaliano na sisi watu wa nyanda za juu tumekutania wapi? Kuna vijana hapa wanashuka daladala pale Mafiat kila siku na hawajawahi kujiuliza Mafiat ni nini. Ni wingi wa Fiat, mwanangu! Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith, waziri mkuu wa serikali ya Wazungu, alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, njia ya Zambia ya kusini iliingia matatani. Shaba ya Zambia ikatafuta bahari kwa kupitia kwetu, na mafuta yakapanda kutoka Dar es Salaam kwenda kwao. Barabara ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope la kumeza gurudumu wakati wa masika, Wazungu wakaiita barabara ya Jehanamu. Malori mengi yaliyoipita Jehanamu hiyo yalikuwa Fiat, na yalipokuwa yakilala hapa mjini ndipo pakapata jina. Mwaka 1968 likafunguliwa bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola kule Zambia, nalo walilijenga Waitaliano. Ninyi wa Iringa msicheke, kwenu ndiko walikoanzia: mapadri wa Consolata, shirika lililoanzishwa Torino mwaka 1901, wako Tosamaganga tangu miaka ile baada ya vita ya kwanza. Na Torino ndiko nyumbani kwa Fiat.

Baba yangu alikuwa utingo kwenye malori yale kabla hajapewa usukani. Akirudi nyumbani ananuka dizeli na biskuti za Kiitaliano. Kwa hiyo mtu akiniuliza ugonjwa huu niliupata wapi, namwambia nimeurithi.

Sasa hizo herufi GTV. Ni Gran Turismo Veloce, yaani safari kubwa, tena ya kasi. Waitaliano hawakumaanisha gari la kuzunguka uwanjani kama nzi. Walimaanisha gari la kumtoa mtu Milano asubuhi, livuke milima, limfikishe Roma jioni, suti haijakunjamana na sanduku liko nyuma. Ni kama kutoka hapa hadi Mikumi na kidogo zaidi. Bodi ilibuniwa kwenye karakana ya Bertone, na aliyeichora ni Giorgetto Giugiaro, kijana ambaye umbo lile lilipotoka mwaka 1963 alikuwa na miaka 25 tu. Chini ya boneti kuna silinda nne, cc 1,779, bloku ya aluminiamu, hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, nayo ya aluminiamu, kemshafti mbili juu za kufungulia valvu, na kabureta mbili za Weber za kuchanganya petroli na hewa, zenye koo mbili kila moja. Gia tano. Breki za diski magurudumu yote manne. Mwaka 1969! Mwaka huo Land Rover zilizokuwa zikipanda milima yetu zilikuwa na gia nne na breki za dramu.

Haya. Tuingie ghalani Mbozi.

Jambo la kwanza ninalotaka mlibebe: usinunue injini, nunua bodi. Narudia kwa ajili ya wale wa nyuma. Usinunue injini, nunua bodi! Mtanzania akienda kuangalia gari bovu, anafanya nini? Anafungua boneti. Anauliza injini inawaka? Anatikisa usukani, anapiga teke tairi, anatoa pesa. Injini ya Alfa, hata ikiwa imeganda, vipuri vyake vinapatikana. Vinatengenezwa mpaka leo huko Ulaya, unaagiza, vinakuja kwenye boksi. Bodi iliyooza haiji kwenye boksi.

Mimi niliingia ghalani na vitu vitatu: sumaku iliyotoka kwenye spika ya redio, bisibisi, na jeki. Sumaku unaipitisha chini ya milango na juu ya magurudumu. Ikishika, kuna bati. Ikianguka, kuna puti, ule udongo wa kuzibia mashimo, na chini ya puti kuna kitu mtu alikuwa anakificha. Yangu ilianguka mara kumi na moja. Bisibisi unaichomeka taratibu kwenye vizingiti, ile mihimili ya chini ya milango. Vizingiti vya gari hili vina matabaka matatu ya bati, la nje, la kati na la ndani, na hapo ndipo mgongo wa gari ulipo, maana halina chasisi ya peke yake kama lori. Matope yakiingia kati ya matabaka hayatoki. Gari linaliwa kutoka ndani kama muhindi wenye dumuzi: nje unang'aa, ndani unga. Bisibisi yangu ilizama mpaka kwenye mpini. Mwenye gari akakohoa akatazama kuku.

Halafu jeki. Inua upande mmoja, kisha jaribu kufungua mlango. Ukifunguka na kufunga kama kawaida, bodi bado ina nguvu. Ukigoma, gari linapinda katikati. Wa kushoto ukafunguka. Wa kulia ukagoma. Nikasema kimoyomoyo, nusu yake bado hai.

Angalia pia boriti ya mbele chini ya rejeta, sakafu chini ya mazulia, na lile bakuli nyuma linalokaa tairi ya spea, maana maji yakiingia humo hukaa kama kisimani. Na hesabu kilichopotea kabla ya kilichovunjika. Kilichovunjika unacho mkononi, fundi anakifuata. Kilichopotea huna hata umbo lake. Taa nne za mbele nilikuta tatu. Bampa ya nyuma ilikuwepo, imegeuzwa hori la kunyweshea mbuzi, na naomba muamini kwamba hori lile ndilo lililoniokolea pesa kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi hii. Kioo cha mbele kizima. Mikanda ya chuma ya pembeni ya madirisha, yote ipo. Ningekuta injini imenolewa upya na mikanda ile haipo, ningeondoka.

Walitaka milioni 12. Nikawaonyesha bisibisi. Tukaishia milioni nne na nusu, na mayai.

Nikafurahi? Nilifurahi mno, na hapo nikakosea. Nilimpa pesa ya awali yule bwana kabla sijauliza swali la kwanza ambalo mtu yeyote mwenye mjomba mahakamani angeliuliza: gari ni la nani? Lilikuwa la marehemu baba yao. Hakuna aliyekuwa msimamizi wa mirathi. Watoto watatu, wawili wanaelewana. Ikabidi tuitishe kikao cha ukoo, tuandike muhtasari, wazee watie saini, twende Mahakama ya Mwanzo, tusubiri tangazo, tusubiri pingamizi. Miezi saba! Kadi ya gari tulikuja kuikuta kwa dada yao wa mwisho, imekunjwa ndani ya Biblia, kwenye Zaburi. Na yule dada ndiye mtu ambaye hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwambia kwamba gari linauzwa. Nilikwenda kwake na kilo mbili za sukari na kitenge, nikaomba radhi kwa kosa lisilo langu. Akanipa kadi, akanipa na chai.

Namba ya chasisi kwenye kadi ilitofautiana tarakimu moja na ile iliyogongwa kwenye bati nyuma ya injini. Aliyeinakili zamani aliona 3 akaandika 8. Hilo nalo lina foleni zake, nitalipita. Niseme tu kwa mafundi: kabla hujapulizia rangi chumba cha injini, piga picha namba ile, funika kwa gundi ya karatasi, na umkataze mtu yeyote mwenye msasa asiisogelee. Namba ile ndiyo cheti cha kuzaliwa.

Jambo la pili ni la kukata bati, na hapa ndipo nilipolia.

Nilipeleka gari kwa fundi bodi mmoja hapa mjini. Simtaji, na gereji yake siitaji. Ni mtu mwema na Prado amenyoosha nyingi. Nikamwambia vizingiti vyote viwili vimeoza. Akasema hiyo kazi ya siku tatu. Nikaenda zangu Makambako kwenye shughuli ya mbao. Narudi siku ya nne, nakuta ameviondoa vyote viwili kwa pamoja, gari limekalia mawe mawili katikati, pua chini, mkia chini. Ameshachomelea bati jipya, safi kabisa, chomeo nzuri kuliko za kiwandani. Nikafungua mlango. Ukafunguka. Nikaufunga. Haukufunga.

Mafundi, mnajua kilichotokea? Gari lisilo na chasisi ukilikata mgongo pande zote mbili kwa mara moja, linajikunja kwa uzito wake lenyewe. Naye alilichomelea likiwa limejikunja. Pengo la mlango juu lilikuwa limepanuka, unaingiza kidole, na chini limebana mlango unakwaruza. Hata kioo cha mbele, kile kioo changu kizima, kilikuwa kimeanza kulia kwenye fremu.

Tukakata tena. Safari hii kwanza tukachomelea mabomba ya mraba ndani ya matundu ya milango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, moja juu moja chini, na jingine likipita kukata upana wa gari. Milango ikabaki imefungwa. Gari likakalishwa kwenye stendi chini ya ekseli zake, uzito uwe pale ulipozoea kuwa barabarani. Upande mmoja kwanza. Tabaka la ndani, tunapima. La kati, tunapima. La nje, tunapima. Kisha upande wa pili. Tulipimaje? Kwa futi kamba na kwa mlango wenyewe. Kila baada ya nukta nne za kuchomelea, tunafungua mlango na kuufunga, tunasikiliza. Siku tatu zikawa miezi mitatu. Na ndani ya vizingiti tukamwaga nta iliyoyeyushwa pamoja na oili kabla ya kuziba, tukafungua vitundu vya chini ambavyo kiwanda kiliviacha vya kutolea maji. Mvua ya Mbeya haina mzaha, na ninyi wa Tukuyu ndiyo kabisa, kwenu hata mbwa anaota ukungu.

Fundi yule hakunitoza mara ya pili. Amekaa mstari wa tatu, ameinama. Inuka, kaka, hawajakutaja.

Jambo la tatu ni injini. Nimesema vipuri vyake vinapatikana, sikusema kwamba inasamehe.

Ilikuwa imeganda. Tukatoa plagi, tukamwaga oili ya gia za otomatiki iliyochanganywa na dizeli kwenye kila silinda, tukaondoka. Hapa ndipo uvumilivu wa Kitanzania, ule tunaoutumia kusubiri basi, una kazi. Usipige starta! Usilivute kwa Fuso likiwa kwenye gia! Wiki mbili, unaongeza oili, unaweka spana kwenye nati ya krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, unasukuma kidogo mbele, kidogo nyuma. Wiki ya tatu ikasogea upana wa ukucha.

Hedi ndiyo ilikataa. Hedi ya aluminiamu imevalishwa kwenye nguzo za chuma, zile boriti ndefu zinazoibana, na gari lile, inaonekana, miaka yote lilikuwa likinyweshwa maji ya mtoni. Mnalijua hilo, maana wote tunafanya: kulanti ni ghali, maji bure. Kwenye bloku ya chuma tupu utasamehewa. Palipo na aluminiamu na chuma pamoja, maji matupu yanakuwa kama betri, yanakula aluminiamu na kujaza unga mweupe kwenye matundu ya nguzo mpaka hedi na nguzo vinakuwa kitu kimoja. Wiki tano tulikuwa tunaipasha moto, tunamwagia mafuta ya kulegeza, tunagonga kwa nyundo ya mbao. Wiki ya sita saa tatu usiku ikalia "tok!" Jirani akadhani ni risasi.

Tukashangilia, tukaenda kula. Na nilisahau kumwambia mpwa wangu jambo moja.

Injini hii ina silivu za chuma, mitungi ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazosimama ndani ya maji. Hazikugongwa kwa nguvu, zimekaa tu, na kinachozishikilia ni hedi. Chini zimezibwa na pete nyembamba ya mpira. Hedi ikitoka, silivu ziko huru. Mpwa wangu, kijana mchapakazi, akaona acha nimfurahishe mjomba, nizungushe krankshafti nione pistoni zinavyopanda. Pistoni zikapanda. Na silivu mbili zikapanda nazo. Pete zikakatika, maji machafu yakashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini.

Nani wa kulaumiwa? Mimi. Kipande cha bomba na washa kubwa mbili kwenye nguzo vingetosha kuzibana zisipande. Vijana, andikeni hilo: hedi ikitoka, bana silivu kwanza, kula baadaye. Na andikeni jingine: valvu za kutolea moshi za injini hii zina sodiamu ndani ya shina, ya kusaidia kupooza. Ikichakaa usiikate, usiipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu wakaitia nyundo. Sodiamu ikikutana na maji inalipuka.

Sasa nimfikie mzee.

Injini ilifungwa, pete mpya, ringi mpya, cheni mpya. Ikawaka. Lakini ikawaka vibaya. Moshi mweusi, inakohoa, plagi zinatoka nyeusi kama kuni. Nikabadilisha plagi, nikabadilisha kondensa, nikasafisha kabureta mara nne. Nikatazama video za Waingereza mpaka bando likaisha. Ndipo dereva mmoja wa zamani, rafiki wa marehemu baba, akaniambia: kuna mzee mmoja kule Ilomba, alikuwa fundi enzi za malori ya shaba, na wakubwa wa Kiitaliano walikuwa na vigari vyao vidogo vya Jumapili. Yeye ndiye alikuwa akivifunga.

Nikaenda. Nikamkuta anapalilia viazi. Nikamwamkia, nikaeleza. Akauliza swali moja tu, "Weber ngapi?" Nikasema mbili, mzee. Akaweka jembe chini.

Alikuja na kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono. Basi! Ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye koo la kabureta. Koo la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Anasikiliza hewa inavyovuta. Akasema koo la tatu linanyonya kidogo kuliko wenzake, kipepeo chake hakijafunguka sawa. Kipepeo! Nikamuuliza mzee, kwa nini kipepeo? Akasema ndivyo walivyokuwa wakikiita wale Waitaliano, farfalla, kile kibati kinachofunguka na kufunga kooni. Na plagi walikuwa wakiziita candele, mishumaa. Akawa anacheka peke yake, miaka hamsini hajayatamka maneno yale, na bado yapo kinywani.

Aliposawazisha vipepeo, injini ikatulia. Lakini moshi ukabaki. Akaniuliza, "Hili gari lilitoka wapi?" Nikasema Mbozi. "Kabla ya Mbozi?" Sijui. Akachomoa jeti, kile kitundu cha kupimia petroli kwenye kabureta, akaigeuza kwenye mwanga, imeandikwa 130. Akasema, "Hili lilifungwa pwani."

Mnaona jambo hilo? Sisi hapa tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, maana yake kwa hapa Mbeya, kwenye nguvu za farasi za injini, farasi mmoja kati ya sita amebaki Dar es Salaam. Magari yenu ya leo yana kompyuta, inaonja hewa na kupunguza petroli yenyewe. Kabureta haionji kitu. Inamwaga petroli ileile kama iko Magomeni, hewa imepungua, petroli imezidi, moshi mweusi. Namba kwenye jeti ni mia za milimita: 130 ni tundu la milimita 1.30. Tukaagiza 125. Tofauti ni unene wa unywele. Moshi ukakatika.

Na mzee akanionya. Akasema siku ukitaka kulishusha Dar, rudisha zile kubwa. Ukishuka mlima Kitonga na jeti hizi, kule chini hewa ni nzito, petroli itakuwa haba, injini itachemka na kutoboa pistoni. Kwa hiyo jeti 130 zinakaa kwenye kikopo cha kahawa ndani ya dashibodi. Sijashuka nalo Dar bado. Lakini kikopo kipo.

Mzee alikataa pesa. Alichukua debe la mbolea na kuomba apelekwe matembezi likikamilika. Nimeuliza baadaye mafundi wa rika lake, kwamba wenzake wa enzi zile wako wangapi. Wamenihesabia kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vimebaki.

Mengine niyapite mbio. Nyaya zote zililiwa na panya, tukavuta upya, usijaribu kuunga. Viti alishona fundi viti wa Mwanjelwa kwa wiki mbili, na akanirudishia sarafu za senti kumi alizozikuta ndani pamoja na ganda la yai. Rangi, kila mtu aliniambia nyekundu; Watanzania tunaamini gari la Kiitaliano lazima liwe jekundu kama la zimamoto. Lakini nilipofungua dashibodi nikakuta chini yake rangi ya kwanza haijaguswa na jua, njano ya udongo, kama embe lililochelewa kuchumwa. Nikairudisha hiyo. Pesa mtaniuliza. Bei ya kununua ilikuwa kama sehemu moja kati ya saba ya pesa yote, na naomba swali hilo lisirudiwe, mke wangu amekaa pale karibu na mlango na daftari analo.

Matembezi ya kwanza yalikuwa mwezi wa Julai. Baridi mnaijua. Mzee akaja na koti lake, akakaa mbele, akafunga mkanda ambao mimi nilikuwa nimesahau. Gia ya pili ya magari haya ni mkorofi ikiwa baridi, inakwaruza, hiyo ni tabia yake tangu kiwandani. Unasubiri oili ya gia ipate joto, au unatoka ya kwanza unaingia ya tatu. Tukaenda mpaka Uyole, tukakata kulia, tukaanza kupanda kwenda Isyonje. Mashamba ya viazi huku na huku, ukungu, watoto wa shule wanakimbia pembeni wakishangilia rangi. Gia ya tatu, ya nne. Sauti ile, ndugu zangu, siwezi kuisema kwa mdomo. Nikamtazama mzee nione kama ana machozi, maana mimi nilikuwa nayo. Alikuwa amefumba macho, ameinamisha kichwa kama mtu anayesali.

Nikasema, "Mzee, unaonaje?"

Akasema, "Koo la tatu. Punguza mwendo, simama pale kwenye ua, nimekuja na mpira."

Wapendwa, muda wangu umekwisha, Mwenyekiti ananionyesha saa. Gari liko nje chini ya mparachichi. Mkaliangalie, mkafungue milango, yote miwili inafunga. Anayetaka kulisikia likinguruma atafute wenzake watatu wenye miguu imara waje nyuma tulisukume mpaka kwenye mteremko, maana tangu asubuhi nikigeuza ufunguo linanitazama tu. Gari ni zima. Limekosa betri.